Mtumbwi Uliopakwa Rangi

"Mchonga mtumbwi huvuka kwanza."

Ndivyo alivyosema yule mama asubuhi ya leo mkutanoni, wakati yule bwana wa kamati alipokuwa akitusifia jiko lake jipya lisilotaka kuni nyingi. Mama alimuuliza swali moja tu: "Kwako mnapikia hilo?" Bwana akakohoa. Mama akasema maneno hayo manne, akakaa, akavuta kanga yake. Watu wazima wakaangua kicheko, ninyi mkabaki mnatazamana kama kuku walionyeshewa. Sasa mnauliza maneno hayo yametoka wapi. Haya, kaeni. Na wewe mwenye simu, itie mfukoni, hadithi hii haina picha. Wala msidhani ni hadithi ya kuchekesha. Mtacheka, lakini aliyeianzisha hakucheka hata mara moja.

Methali hii ilianza hivi.

Kulikuwa na kijiji kiitwacho Mbindu, katika ukingo wa mto Lumbasa. Hakikuwa kando ya msitu, kilikuwa ndani yake, kama kokwa ndani ya embe. Msitu ule ulipotangazwa kuwa hifadhi, watu wa Mbindu waliambiwa: kaeni, lakini msikate. Kuni ni zile zilizokauka na kuanguka zenyewe, na ni Jumatano na Jumamosi tu. Mapanga yabaki nyumbani. Wakakubali, kwa kuwa hata kabla ya tangazo hilo hakuna aliyeangusha mti ovyo. Mti wa mtumbwi ulikatwa mmoja kwa miaka mingi, ukachongwa palepale ulipolala, na siku ya kuuteremsha mtoni kijiji kizima kiliitwa kuuvuta kwa kamba na nyimbo. Walikuja wazee, wakaja waja wazito, wakaja na wale ambao siku ya kulima huwa wanaumwa kiuno.

Ila mtumbwi nao huzeeka. Ule wa kuvushia watu ulioza, ukapasuka kitako, ukageuzwa kuwa hori la mbuzi. Mbindu wakaomba mti mmoja. Wakaambiwa wasubiri barua. Wakasubiri miaka miwili.

Na shule ilikuwa ng'ambo.

Miaka hiyo miwili watoto walivuka kwa kamba. Kamba ilifungwa mti wa huku na mti wa kule, mtoto akaishika kwa mikono miwili, madaftari kichwani, maji kifuani. Masika yalipokuja hawakwenda shule kabisa. Kulikuwa na mwanamke mmoja, Bi Sikudhani, msusi wa migono, ile mitego ya samaki ya kusukwa kwa fito. Yeye alikuwa akimlea mjukuu wake Chiku, aliyeachwa na mama yake akiwa bado ananyonya. Siku moja mkono wa Chiku uliteleza kwenye kamba ile. Maji yakambeba. Bi Sikudhani alikuwa chini kidogo akitega migono yake, akaona kitu chekundu kinapita, akadhani ni kanga ya mtu. Akakishika. Zilikuwa nywele za Chiku zilizofungwa utepe mwekundu. Alimvuta kwa nywele hizo hizo mpaka ukingoni, akamlaza kifudifudi, maji yakamtoka mtoto puani na mdomoni. Alipokohoa, bibi yake alimpiga kofi moja la mgongo, kisha akamkumbatia, kisha akalia mpaka akakaukiwa na machozi. Tangu siku hiyo, kila Chiku alipovuka, Bi Sikudhani alisimama majini chini ya kamba kama nguzo. Kiuno chake kilikufa kwa baridi, lakini alisimama.

Basi muelewe. Barua ilipokuja, hakuna aliyeifurahia kuliko yeye.

Barua ilisema mti mmoja, mkangazi, ule wa mbao nyekundu ngumu, kwa ajili ya kuvushia wanafunzi. Aliyepokea barua alikuwa Likwembe, mwenyekiti wa kamati ya msitu, mtu wa hapo hapo Mbindu, mwenye tumbo lililotangulia na maneno yaliyofuata. Bwana miti, yaani afisa wa misitu, alikuja na nyundo yake ya chuma yenye herufi, akachagua mkangazi mmoja ulionyooka kama sala, akaugonga muhuri shinani. Akamwambia Likwembe, "Mti huu ni wa watoto. Ukishaanguka, nyundo hii uigonge na kwenye gogo lenyewe, halafu uirudishe ofisini." Likwembe akainama kwa heshima, akaipokea nyundo kwa mikono miwili.

Baada ya hapo, kimya.

Wiki ya kwanza watu walingoja kuitwa kuvuta. Wiki ya pili wakanong'ona. Walipomuuliza mwenyekiti, alisema hifadhi haitaki tena watu wengi waingie msituni kwa pamoja, kelele zinasumbua nyani. Bi Sikudhani akasema, "Nyani hawa hawa wanaotuibia mahindi huku wakituangalia usoni? Wamekuwa waoga lini?" Watu wakacheka. Likwembe hakucheka.

Wiki ya sita, asubuhi, mtumbwi ulikutwa ukingoni. Hakuna aliyeuvuta, hakuna aliyeuimbia, na ulikuwa umepakwa rangi. Kijani kibichi ndani na nje, na mstari mweupe ubavuni kama basi la abiria. Fundi Matanji, mchongaji, alisimama karibu nao akitazama vidole vyake vya miguu.

"Matanji, baba," akasema Bi Sikudhani, "tangu lini mtumbwi ukapakwa rangi?"

"Ni kwa ajili ya wageni, mama," akajibu Likwembe kabla fundi hajafungua kinywa. "Jumatatu tunauzindua. Watakuja watu wakubwa na kamera zao. Mtumbwi usio na rangi haupendezi pichani."

"Na mimi je? Nipakwe rangi gani?"

"Wewe ni msusi wa migono, mama. Mitumbwi tuachie wenyewe."

Bi Sikudhani akanyamaza. Nawaambieni, wajukuu zangu, mwanamke wa aina ile akinyamaza, kimbia.

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi, siku ya kuni. Akachukua kamba yake akaingia msituni. Kuni hazikuwa shida yake. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye mkuyu mmoja mkubwa, uliokuwa na tundu ubavuni lenye upana wa kichwa cha mtu. Ndani ya tundu hilo waliishi nyuki wadogo weusi, wale wasiouma. Marehemu mumewe ndiye aliyemwonyesha mti ule walipokuwa wachumba, na asali yake, chungu na tamu kwa pamoja, ndiyo aliyokuwa akimlambisha Chiku akishikwa na kikohozi. Alijiambia anakwenda kuchukua kidogo ili mtoto avuke Jumatatu akiwa na kifua kizima.

Mkuyu haukuwapo. Palikuwa na kisiki, na mabanzi yenye pango katikati, na masega yaliyotupwa chini yakiliwa na siafu.

Kisha akafuata njia ya magogo, akafika kwenye kisiki kingine. Hicho kilikuwa cha mkangazi, chekundu kama nyama, chenye alama ya nyundo. Kando yake palikuwa na shimo la wapasuaji mbao, na unga wa mbao ukifika magotini.

Mwanamke hajui mtumbwi, sivyo? Lakini kuhesabu visiki viwili hakuhitaji shule. Mkangazi ulipasuliwa mbao. Mtumbwi ulichongwa kwa mkuyu wenye tundu. Na tundu likafichwa chini ya rangi ya kijani, yenye mstari mweupe.

Hakwenda nyumbani. Alikwenda kwa Likwembe na majani yangali kichwani. Akamkuta amekaa barazani, mbele ya mlango mpya wa mbao mbili, wa rangi nyekundu, uliochongwa maua na kupakwa mafuta ukang'aa. Harufu ya mkangazi ilikuwa imejaa kiwanja kizima.

"Likwembe," akasema, na hakumwita mwenyekiti, "mtumbwi ule una tundu."

"Umeliona wapi?"

"Nimeona mti wake. Ule mti nimekula asali yake miaka arobaini."

Likwembe akacheka polepole, kama mtu anayemimina chai. "Tundu limezibwa, mama. Matanji ameliziba kwa kipande cha mti, kwa nta na gundi ya nyuki hao hao wako. Limekaza kuliko jiwe. Kwanza mto wenyewe ni wa dakika tano. Watoto ni wepesi. Unataka nini, barua nyingine? Usubiri miaka miwili mingine?"

"Nataka mti wa watoto."

"Nenda kasuke migono, Sikudhani. Na usiwatie watu hofu. Ukiwaharibia Jumatatu yao, watoto watarudi kwenye kamba, na watajua ni kwa sababu ya nani."

Hilo ndilo lililomchoma. Mbao aliweza kuzivumilia. Mlango aliweza kuuvumilia. Lakini mtu kuchukua hofu yake ya miaka miwili, hofu ya nywele zile zenye utepe mwekundu, akaifanya fimbo ya kumpigia! Aliondoka pale. Majirani walimwona akisuka mgono barazani kwake tangu mchana mpaka jua likazama, fito zikilia mikononi mwake, na kila fito aliyoikunja ilikuwa shingo ya mtu.

Angeweza kupiga kelele siku hiyo hiyo. Lakini aliwajua watu wake. Wangesema, amekasirishwa na asali yake. Wangesema, ana wivu wa mlango. Na mwenyekiti angeleta maneno, na kwa maneno hakuna aliyemshinda. Basi akaamua asilete maneno. Atamletea heshima.

Jumatatu ikafika. Mvua za milimani zilikuwa zimenyesha, mto umejaa, wa rangi ya udongo, ukibeba matawi. Wageni wakaja na kamera zao, bwana miti akaja na kofia yake. Watoto ishirini walipangwa ukingoni kwa sare safi, Chiku wa tatu kutoka mbele, utepe mwekundu kichwani. Likwembe alivaa kanzu na koti. Akahutubia. Alisema jinsi alivyohangaika, jinsi alivyokosa usingizi, jinsi ambavyo asingetulia mpaka mtoto wa mwisho wa Mbindu avuke salama. Akamaliza, "Sasa watoto wetu wataingia kwenye mtumbwi wao, na wageni wetu watapiga picha!"

Hapo kikasikika kigelegele. Kirefu, cha harusi kabisa. Bi Sikudhani alitoka kwenye kundi la wanawake akicheza, kanga kiunoni, kiuno kile kile kibovu.

"Jamani, tumekosa adabu!" akaita. "Watu wa Mbindu, tangu lini mtoto akanawa kabla ya mkubwa? Mtumbwi huu kaupigania nani?"

"Mwenyekiti!" wakajibu.

"Kakosa usingizi nani?"

"Mwenyekiti!"

"Basi avuke yeye kwanza! Yeye na fundi wake! Tumpigie vigelegele akienda, tumpigie vigelegele akirudi, ndipo watoto wafuate baraka zake!"

Wanawake wakaipokea. Vigelegele vikapaa mpaka ng'ambo. Wageni wakageuza kamera zao kwa mwenyekiti wakitabasamu. Likwembe naye alitabasamu, lakini tabasamu lake lilikuwa kama nguo ya kuazima.

"Ahsanteni, ahsanteni. Lakini siku hii ni ya watoto."

"Na wewe ni baba yao," akasema Bi Sikudhani.

"Nimevaa kanzu, mama."

"Tutaishika pindo."

"Mimi ni mzito."

"Watoto ni ishirini, baba. Una uzito wa watoto ishirini?"

Watu wakacheka. Likwembe akajifuta jasho. "Daktari amenikataza maji. Presha."

"Hakuna anayekutia majini. Tunakutia kwenye mtumbwi. Au ni kitu kimoja?"

Kicheko kikakatika hapo. Watu waliyasikia maneno yale na kuyaelewa polepole. Wakamtazama Fundi Matanji, wakamkuta ameanza kurudi nyuma kidogo kidogo. Wakautazama mtumbwi. Na pale ubavuni, chini ya mstari mweupe, mahali pamoja tu penye upana wa kichwa cha mtu, walikuwapo nyuki. Wadogo, weusi, wakitambaa juu ya rangi, wakichokonoa, wakitafuta nta yao.

Bi Sikudhani akaacha kucheza. Sauti yake iliposikika tena haikuwa na harusi ndani yake.

"Chiku, toka kwenye mstari. Njoo hapa." Mtoto akaja. Bibi yake akamshika mkono, akamgeukia Likwembe. "Mkubwa mzima, mwenye kujua kuogelea, unaukataa. Kama haukufai wewe, unamfaaje huyu?"

Likwembe akatazama kamera.

"Niambie! Nilimtoa mtoni kwa nywele, nywele hizi hapa! Nikasimama majini miaka miwili nikingoja mtumbwi wenu! Unamfaaje huyu?"

"Mama, punguza hasira, kuna wageni..."

"Wageni wapige picha! Panda!"

"Panda!" akasema mwanamke mwingine, mwenye watoto wawili mstarini. "Panda!" wakasema wanaume. Likwembe akamgeukia bwana miti kwa macho ya kuomba. Bwana miti alikuwa akiwatazama nyuki. Akavua kofia yake.

"Si ulisema ni salama, mwenyekiti?" akauliza taratibu. "Panda."

Akapanda. Angesema nini? Kukataa ni kukiri, na yeye alikuwa mtu wa kuamini kwamba dakika tano si nyingi. Matanji alisukumwa nyuma yake na kupewa kasia. Wakaondoka, fundi akipiga kasia kama anayekimbizwa na chui, mwenyekiti ameshika kingo mbili, kanzu imekunjwa magotini. Hakuna aliyepiga kigelegele. Watu wakahesabu mapigo ya kasia.

Walifika katikati. Kisha watu wakaona kipande cha mti, cha kijani pande mbili na cheupe katikati, kikielea peke yake kuelekea bondeni. Mtumbwi ukainama kama ng'ombe anayekunywa. Matanji akaruka, akaogelea mpaka ng'ambo, akaingia msituni bila kugeuka nyuma. Likwembe, amelemewa na kanzu na koti, alibaki ameukumbatia mtumbwi uliojaa maji, ukimzungusha na kumpeleka kwenye jabali la katikati. Akakwama pale, maji shingoni, koti limevimba kama puto.

"Nakufa!" akaita. "Jamani, nakufa! Leteni mtumbwi!"

Watu wa Mbindu wakatazamana. Hapakuwa na mtumbwi mwingine. Miaka miwili haukuwapo.

Bi Sikudhani angeweza kugeuka aende nyumbani. Wako waliosema baadaye kwamba wao wangeondoka. Yeye alisimama, akamkaza Chiku kifuani, akasema kwa sauti kavu:

"Mtumbwi wetu uko nyumbani kwake. Kauleteni."

Vijana hawakuelewa. Aliyeelewa alikuwa mke wa Likwembe. Alijiziba mdomo na kanga kwa aibu, kisha akapiga kelele, "Mlango! Ung'oeni mlango!" Yeye mwenyewe ndiye aliyetangulia kukimbia. Wakaung'oa na bawaba zake, wengine ubao mmoja, wengine wa pili, wakaushusha mtoni mbio. Vijana wanne wakaogelea nao wakiusukuma. Mkangazi ule mzuri ukaelea juu ya maji kama uliojua kazi yake tangu kuzaliwa. Wakamlaza Likwembe juu ya maua yake ya kuchonga, wakamleta ukingoni amelala kifudifudi, mikono imeshika kitasa.

Hapo watu walicheka. Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Bwana miti ndiye aliyeinama kumsaidia kushuka, na alipoinama akaona, kwenye ncha ya ubao, chini pale ambapo mlango hugusa kizingiti, herufi za nyundo yake mwenyewe. Akazipitisha kidole. Kicheko kikaisha bila mtu kukizima.

Likwembe akatapika maji. Akamwangalia Bi Sikudhani. "Umeniokoa, mama. Nisamehe. Mimi..."

"Sijakuokoa," akasema. "Nimechukua mti wa watoto, wewe ukawa juu yake."

Akageuka, akamfunga Chiku utepe vizuri, akaenda. Hakucheka siku ile, wala keshoye. Walipomsifu, alisema, "Msinisifu. Nyote mlijua kwamba hatukuitwa kuvuta, mkanyamaza."

Likwembe alivuliwa uenyekiti, na yaliyomkuta ofisini kwa bwana miti ni yake. Ila Mbindu nao walikuwa na hukumu yao. Mlango wake, kitanda chake na mbao za dari yake, vyote vya mkangazi ule, vilishushwa, vikaunganishwa kuwa chombo kipana cha kuvushia. Na masika yote yaliyofuata, kila asubuhi, kabla mtoto yeyote hajakanyaga chombo hicho, Likwembe alikivusha peke yake mpaka ng'ambo na kukirudisha, huku watoto ishirini wakimngoja ukingoni na Bi Sikudhani akiwa amekaa juu ya jiwe, migono mapajani, akimtazama. Akichelewa, watoto walimwita kwa pamoja, na hawakumwita kwa jina. Walimwita kwa maneno ambayo bibi yule aliwafundisha, maneno yale yale aliyoambiwa leo yule bwana wa jiko:

"Mchonga mtumbwi huvuka kwanza!"